Vita inaua maelfu, yeye anahangaika na maiti moja: kwa nini Grau hakuiacha ile kesi?

#1 Mwanjelwa Juu

Wakuu, salaam. Nataka tujadili riwaya moja iliyonikosesha usingizi. Ni ya Mjerumani Hans Hellmut Kirst, ilitoka 1962, na kwa Kiingereza inaitwa The Night of the Generals. Nakala yangu nimeipata kwa muuza vitabu vya mitumba hapa Mwanjelwa, jalada limechanika ila kurasa zote zipo.

Kwa ambaye hajaisoma: tuko Warsaw, 1942, mji umekaliwa na Wajerumani. Mwanamke anayeuza mwili anakutwa ameuawa kinyama. Shahidi alikuwa amejificha chooni, akachungulia kwenye upenyo. Sura hakuiona. Aliona suruali yenye mstari mwekundu ubavuni, mstari wa majenerali. Yule marehemu alikuwa pia akiwapelekea Wajerumani habari, kwa hiyo jalada linaangukia mezani kwa Meja Grau wa ujasusi wa jeshi. Majenerali watatu hawawezi kueleza walikuwa wapi usiku ule: von Seydlitz-Gabler, Kahlenberge na Tanz. Grau anaanza kuwafuata. Wanampandisha cheo na kumhamishia Paris ili asahau. Hasahau. 1944 wote watatu wanakutana Paris, mwanamke mwingine anauawa kwa namna ileile, na jamaa anafungua jalada upya.

Dai langu ni hili: ama Grau si mzima kichwani, ama mwandishi katuchezea. Warsaw ya 1942! Kuanzia Julai mwaka ule Wayahudi wanapakiwa kwenye mabehewa kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka kila siku, yeye amevaa sare ya jeshi lililoukalia mji huo, halafu kinachomnyima usingizi ni mtu mmoja. Kachero wa kweli angekuwa hivyo? Na kama angekuwa, kwa nini?

Tutazungumza mpaka mwisho wa kitabu, kwa hiyo anayetaka kukisoma kwanza apite kando.

#2 Chai ya Katumba

Natandika mkeka hapa. Wajuzi njooni.

#3 Mzee wa Uyole

Kijana, swali lako jepesi kuliko unavyodhani. Nimefanya upelelezi mpaka nikastaafu. Ukikabidhiwa jalada la mauaji, lile jalada ndiyo dunia yako. Huna uwezo juu ya watu wanaokufa kwa njaa, kwa kipindupindu au kwa vita. Una uwezo juu ya huyu mmoja, maana jina lake limeandikwa na saini yako ipo pale chini. Watu wa nje wanaona ukichaa. Sisi tunaona kazi.

Grau amekabidhiwa jalada. Basi.

#4 Dada Isimani

Shikamoo Mzee wa Uyole. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani. Kama ingekuwa kazi tu, wakubwa walipomwambia aache angeacha, kwa sababu kazi ina amri. Huyu kahamishwa, kapewa cheo, kapewa Paris ambayo wenzake wote walikuwa wakiiota, na bado anafukua.

Mimi nimesoma mtu mwingine kabisa. Grau anawachukia majenerali. Angalia anavyofurahia kuwaketisha na kuwauliza mlikuwa wapi usiku ule. Maisha yake yote amewapigia saluti, sasa amepata swali moja ambalo mwenye nyota mabegani lazima alijibu kama mtu wa kawaida. Marehemu kampa ufunguo wa mlango ambao usingefunguka kwa njia nyingine.

#5 Kombati la Zamani

Kabla hamjaenda mbali, marekebisho mawili.

Kwanza, mleta mada anamwita Meja mpaka Paris. Kule tayari ni luteni kanali, na kile cheo ndicho rushwa yenyewe, kwa hiyo tusikipite.

Pili, mstari mwekundu. Majenerali wa jeshi la nchi kavu la Ujerumani walivaa mistari myekundu ya kung'aa. Ila maofisa wa makao makuu ya mipango, hata wakiwa na cheo cha meja au kanali, walivaa mistari pia, rangi yao ikiwa nyekundu ya kuelekea zambarau. Majenerali wa anga walikuwa na mistari myeupe. Sasa shahidi yuko chooni, anachungulia, kuna mwanga hafifu na hofu imemjaa. Anatofautishaje nyekundu hii na ile?

#6 Mwanjelwa Juu

Kombati, unamaanisha kesi nzima imesimama juu ya rangi ya uzi?

#7 Kombati la Zamani

Namaanisha wakili mzuri angeibomoa asubuhi moja kabla ya chai. Grau ni mtu wa ujasusi wa jeshi, sare hizi anazijua kuliko sisi. Kwa hiyo alijua ushahidi wake wa kwanza una tundu, na bado akaegemea palepale kwa miaka miwili. Hilo linamsaidia Dada Isimani zaidi ya Mzee wa Uyole: alitaka awe jenerali.

#8 Mzee wa Uyole

Hapana. Upelelezi unaanzia kwa ulichonacho. Ukisubiri shahidi aliyeona vyote hutafungua jalada hata moja. Na kumbuka hakuishia kwenye mstari. Aliwachuja mpaka wakabaki watatu wasio na maelezo ya usiku ule. Huo ni utaratibu, si chuki.

#9 Wakili wa Gangilonga

Kamwene wote. Mleta mada aliuliza kama kachero wa kweli angekuwa hivyo. Yupo, na kisa chake ni kizito kuliko cha kwenye riwaya.

Anaitwa Konrad Morgen, hakimu wa mahakama za SS, kile kikosi cha chama cha Nazi kilichoendesha kambi za mauaji. Ndiyo, SS wenyewe, walikuwa na mahakama zao za ndani. Kazi ya Morgen ilikuwa kupeleleza wizi na mauaji yaliyofanywa na maofisa wa SS bila kibali. Alipowagusa wakubwa kule Krakow, 1942 alishushwa cheo na kupelekwa mstari wa mbele upande wa mashariki. 1943 Himmler, mkuu wa SS, akamrudisha. Akaingia kambi ya wafungwa ya Buchenwald kumchunguza mkuu wa kambi wa zamani, Karl Koch: fedha zilizoibwa, wafungwa waliouawa ili wasije wakasema. Hakukubali kuachia. Koch alihukumiwa na kupigwa risasi Aprili 1945 mle mle Buchenwald, siku chache kabla Wamarekani hawajaikomboa kambi.

Sasa sikilizeni panapouma. Morgen alifika mpaka kambi ya mauaji ya Auschwitz akifuatilia dhahabu ya magendo, akaona kila kitu. Mauaji yaliyoamriwa kutoka juu hakuweza kuyafungulia kesi, kwa sheria ya mle ndani yalikuwa amri halali. Aliloweza ni yale ya pembeni: fulani kaiba, fulani kaua bila karatasi. Akayafuata hayo kwa nguvu zake zote. Baada ya vita alitoa ushahidi kwenye kesi za wakubwa wa Nazi kule Nuremberg, kisha akaishi Frankfurt akifanya uwakili.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu Grau: sheria imebaki kijisehemu kidogo, na mtu aliyefundwa kuishi kwa sheria anakishikilia hicho kwa mikono miwili ili asizame. Akikiachia, itabidi atazame upande wa pili.

#10 Chai ya Katumba

Wakili umenisimamisha nywele. Yaani mtu anapita katikati ya tanuri anatafuta mwizi wa dhahabu?

#11 Dada Isimani

Ndiyo hoja yenyewe, Chai. Wakili anaiita kushikilia sheria. Mimi naona namna ya kuosha mikono. Ukimkamata mmoja unalala umejiona msafi.

#12 Ngozi Ziwani

Ndaga Wakili, darasa zuri.

Mimi naleta jambo dogo ambalo wapenzi wa vitabu vya upelelezi mtalifurahia. Mnamkumbuka James Hadley Chase? Nani hapa aliyesoma bweni hakumsoma Chase na tochi chini ya blanketi? Basi sehemu ya kisa hiki, yaani dereva anayetumika kama kinga na kubambikiwa mauaji ya mkubwa, inatokana na Chase. Kwenye filamu ya 1967 wamemtaja kabisa pamoja na Kirst. Kwa hiyo Mwanjelwa Juu, umesoma Chase bila kujua.

#13 Mwanjelwa Juu

Ngozi, sasa nimejua kwa nini sehemu ya koplo Hartmann ilinitoa jasho. Tanz anamuua yule binti wa Paris, anamlazimisha dereva wake kuacha alama zake mle chumbani, halafu anampa nafasi atoroke. Koplo akikimbia, hatia imejiandika yenyewe. Nani atamsikiliza koplo mtoro dhidi ya jenerali?

#14 Tunduma Usiku

Filamu niliiona. Omar Sharif ndiye Grau, Mmisri kavaa sare ya Kijerumani na bado unamwamini. Peter O'Toole ni Tanz, yale macho hayatoki kichwani. Ila sikuelewa mwisho wa kitabu mnaousema, maana kwenye filamu mwisho ni Hamburg, Tanz ametoka jela ya wahalifu wa kivita.

#15 Kombati la Zamani

Kwenye riwaya si Hamburg, ni Dresden, 1956, upande wa Ujerumani Mashariki. Na Tanz huko si mfungwa aliyeachiwa, amepata ukubwa mpya chini ya serikali mpya. Mkono uliomtumikia Hitler unapokewa na upande wa pili kwa sababu unajua kazi. Kuhamishia Hamburg kumeondoa makali hayo. Hata yule mpelelezi Mfaransa anayeshirikiana na Grau kule Paris jina limebadilishwa: kitabuni Prévert, kwenye filamu Morand.

Halafu filamu inamwonyesha Tanz akiteketeza mtaa wa Warsaw 1942 kwa mizinga na moto. Uasi wa gheto, ule mtaa waliofungiwa Wayahudi, ulikuwa Aprili 1943, na uasi wa mji mzima ulianza tarehe 1 Agosti 1944 ukadumu siku 63. Wamechanganya miaka ili tuone moto.

#16 Tunduma Usiku

Kombati wewe ukienda harusini unakagua tarehe ya kadi kwanza.

#17 Kombati la Zamani

Na nikikuta imekosewa namwambia mwenye harusi.

#18 Binti Kalenga

Hodi jamvini. Mleta mada unashangaa Grau kuhangaika na mtu mmoja katikati ya vita. Mimi nimekulia Kalenga, kwetu hilo si la ajabu hata kidogo.

Mkwawa, chifu wetu Wahehe, alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 baada ya kusakwa kwa miaka. Wajerumani wakamkata kichwa, kikaenda Ujerumani. Ikaja Vita ya Kwanza, mamilioni wakafa Ulaya, na hapa kwetu wapagazi wakafa kwa njaa na maradhi kwenye njia za jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck na za Waingereza. Vita ikaisha, mataifa yakakaa Versailles 1919 kugawana dunia upya. Ndani ya mkataba ule, kifungu cha 246, Ujerumani inaamriwa ndani ya miezi sita irudishe fuvu la Mkwawa. Fuvu moja! Kwenye karatasi inayozungumzia majeshi, mipaka na mabilioni.

Halikurudi ndani ya miezi sita. Lilirudi tarehe 19 Juni 1954, Gavana Twining alilileta Kalenga mwenyewe, na lipo kwenye makumbusho mpaka leo. Watu wetu hawakuacha kuuliza muda wote huo, na hakuna aliyewaambia Wahehe kwamba wana wazimu kwa kudai kichwa kimoja wakati dunia imezika mamilioni.

Kwa hiyo kwangu Grau ni mtu wa kawaida kabisa. Hakuna anayelia maelfu. Unamlilia mmoja.

#19 Wakili wa Gangilonga

Binti Kalenga umegusa pazuri, ila tuongeze mawili ili picha ikamilike. Kifungu kile hakikuwa cha fuvu peke yake, kilidai pia Qur'ani ya Khalifa Uthman irudishwe kwa Mfalme wa Hijazi. Na aliyelisukuma suala la fuvu ni Mwingereza, Horace Byatt, mtawala wa hapa wakati ule, aliyetaka kuwafurahisha Wahehe kwa kuwa walikuwa dhidi ya Wajerumani. Hapo kuna siasa. Twining naye alilichagua kule Bremen 1953 kati ya mafuvu mengi, kwa vipimo vilivyolinganishwa na vichwa vya ndugu wa Mkwawa.

Kwa hiyo anayedai haki ya mmoja anaweza kuwa ana mambo yake mengine. Kama Grau.

#20 Binti Kalenga

Wakili, siasa ya Byatt naijua. Lakini wazee waliosimama pale 1954 hawakusimama kwa ajili ya Byatt. Sababu ya anayeleta si sababu ya anayepokea.

#21 Mwalimu Njombe

Mjadala mzuri. Mmetaja Warsaw mara nyingi, nikashangaa hakuna aliyekumbuka kwamba Poland ya vita ile ilifika mpaka kwetu. Kidugala hapa Njombe na Ifunda kule Iringa palikuwa na kambi za wakimbizi wa Kipolandi wakati huohuo Grau wa riwaya anazunguka Warsaw. Wengi wao walikuwa kina mama na watoto. Makaburi yao yapo. Huwa nawapeleka wanafunzi wangu kuyaona, nao huuliza swali moja: hawa walikufaje huku kwetu?

#22 Tunduma Usiku

Kumbe! Kwa hiyo walikimbia Warsaw wakaja kujificha Ifunda. Kitabu hiki kingeweza kuanzia hapa.

#23 Mwalimu Njombe

Si Warsaw, Tunduma. Wengi walitoka Poland ya mashariki, upande uliochukuliwa na Wasovieti 1939. Walisombwa 1940 na 1941 kupelekwa Siberia na Kazakhstan, wakaachiwa baada ya makubaliano ya Julai 1941, wakavuka mpaka Iran, ndipo Waingereza wakawasambaza Afrika Mashariki kuanzia 1942. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, Arusha. Hawakumkimbia Tanz, walimkimbia mwingine.

Hilo linanipa sababu nyingine kuhusu Kirst kumpa Tanz ukubwa tena Dresden. Wauaji walikuwa pande zote, na kila upande ulijua la mwenzake.

#24 Mama wa Ilula

Nimekuwa nikisoma tu toka mwanzo. Ngoja niandike la kwetu.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa askari wa upelelezi kwenye kituo kimoja huku kwetu wakati wa vita ya Kagera. Mwisho wa 1978 mama mmoja muuza ulanzi, pombe ya mianzi, alikutwa ameuawa kwenye mianzi yake. Nchi nzima masikio yapo redioni, malori ya watu yamechukuliwa kupeleka askari na chakula mbele, vijana wa mgambo wamepanda kwenda. Nani ana muda na muuza ulanzi?

Baba alikuwa na muda. Gari hakuna, akawa anakwenda kwa baiskeli kijiji kwa kijiji kuchukua maelezo. Yakamfikisha kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anachangia ng'ombe kwa ajili ya wapiganaji, kila mkutano anapigiwa makofi. Mkubwa wake akamwambia, huyu mtu analisaidia taifa, subiri vita iishe. Baba hakusubiri. Kabla Kampala haijatekwa Aprili 1979, tayari alikuwa amehamishiwa mbali, sisi tukabaki na mama.

Jalada hakwenda nalo, lakini nakala za maelezo alizinakili kwa mkono, zikakaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda mpaka anastaafu. Kila likizo alikuwa anapitia kwa watoto wa yule mama kabla hajafika kwetu. Mama yangu hilo lilimuumiza sana, nanyi mnaomsifu Grau mkumbuke kwamba watu kama hawa wana nyumba.

Kwa nini hakuacha? Mimi nimeamini siku zote kwamba ni kwa sababu mdogo wake alikwenda vitani na yeye akazuiwa. Alihitaji mahali pake pa kupigania. Nikisoma habari za Grau, mtu wa ofisini ambaye hajashika bunduki mstari wa mbele, namwona baba. Lakini huyo baba mdogo aliyerudi kutoka Uganda anakataa. Anasema yule mama alikuwa amefika kituoni wiki chache nyuma kulalamika kwamba anatishiwa, na baba ndiye aliyemwambia arudi nyumbani, mambo ya vilabu wayamalize wenyewe.

Sijui nani kati yetu ana haki. Baba mwenyewe hakusema.

#25 Mzee wa Uyole

Mwanangu, pole. Nakuambia kama mtu wa kazi ileile: yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Kwangu mimi aliyenakili maelezo kwa mkono alifanya kazi safi. Maelezo ya shahidi yakipotea, marehemu ameuawa mara ya pili.

Lile la mkubwa kumwambia asubiri vita iishe, nimelisikia likisemwa kwa majina mengine. Subiri uchaguzi uishe. Subiri ziara iishe. Ndiyo maana narudi palepale pa #3. Mpelelezi akikubali kwamba kuna wakati mauaji hayahesabiki, hatajua aanze kuhesabu lini tena.

#26 Ngozi Ziwani

Mama wa Ilula, ndaga fijo kwa kutuamini na hilo.

#27 Sikonge Mpaka Vwawa

Nimesoma posti zote. Grau, Morgen, Byatt, baba wa dada yetu. Marehemu wa Warsaw mmemtaja juujuu tu, kama muuza mwili na mpeleka habari. Yule wa Paris hata chini ya hapo. Naomba mniambie kama Grau aliwahi kuuliza ana ndugu, amezikwa wapi, alikuwa akitaka nini maishani. Hakuuliza. Kwake ni alama za kisu na mstari mwekundu. Baba wa Mama wa Ilula alipitia kwa watoto wa marehemu kila likizo. Grau hana mtu wa kupitia kwake kwa sababu hakumtafuta.

Wauaji wa wakati ule walilijua hilo vizuri. Berlin, 1940 mpaka 1941, mfanyakazi wa reli Paul Ogorzow aliua wanawake 8, wengine ndani ya treni, giza la amri ya kuzima taa wakati wa vita likimficha. Polisi walianza kuwashuku vibarua wa kigeni, kumbe ni mwanachama wa chama chao wenyewe. Paris nayo, Machi 1944, miezi michache kabla ya sura zile za riwaya, moshi mzito ulitoka kwenye nyumba ya daktari Marcel Petiot, wakakuta mabaki ya watu. Aliwaahidi wakimbizi kuwavusha, wengi wao Wayahudi, akawaua na kuchukua mali zao. Alinyongwa? Hapana, alikatwa kichwa, Mei 1946. Hawa wote walichagua watu ambao hakuna ofisi ingeuliza wamekwenda wapi.

Swali la mleta mada lingekuwa zuri zaidi likiwa hivi: kwa nini ilihitaji mstari wa jenerali ndipo mtu aulize?

#28 Dada Isimani

#27 umesema nililoshindwa kulisema pale #4. Muuaji angekuwa koplo, Grau angesaini na kwenda kulala.

#29 Mwanjelwa Juu

Nakubali nusu. Lakini kuna jambo linalonizuia kumhukumu. Paris, ili apate habari za majenerali, Grau anafanya biashara na yule mpelelezi Mfaransa anayeshirikiana na wapinga uvamizi: wewe niletee taarifa zao, mimi nawaachia watu wako walio mikononi mwetu. Na anawaachia. Watu waliokuwa wanasubiri kuuawa wanatoka hai kwa sababu ya kesi ya maiti moja. Huyo si mtu anayefikiria mistari tu.

Na bei ameilipa. Siku ileile ya 20 Julai 1944, bomu la Stauffenberg la kumuua Hitler limelipuka, Paris imechanganyikiwa, yeye anakwenda kumkabili Tanz. Tanz anampiga risasi, kisha anamwandika kuwa mmoja wa wasaliti. Kesi yote inazikwa chini ya kesi kubwa kwa mkupuo mmoja. Kama mwandishi alitaka kutuonyesha vita inavyomeza haki, pale amefaulu kuliko sehemu yoyote.

#30 Wakili wa Gangilonga

Na tusimsahau mwandishi mwenyewe. Kirst aliingia jeshini 1933, akawa mwanachama wa chama cha Nazi, akamaliza vita akiwa ofisa. Baadaye alikiri kwamba alichanganya Unazi na Ujerumani, akaona ni kitu kimoja. Mtu wa namna hiyo anapokaa 1962 kuandika ofisa mwenye sare ileile anayesimama na kusema huyu amekufa kwa dhulma, nadhani anajiandikia yule ambaye hakuwa. Grau hawezi kuacha kwa sababu Kirst hamruhusu.

#31 Mwalimu Njombe

Hilo linanikaa, Wakili. Ila wasomaji wa Kijerumani wa 1962 nao walilihitaji, Grau anawapa ofisa mmoja msafi wa kumpenda.

#32 Tunduma Usiku

Mwanjelwa Juu, kitabu unakiazima? Nitapita Mbeya Ijumaa nikielekea Iringa.

#33 Mwanjelwa Juu

Njoo ukichukue pale Kabwe, nitakupigia. Ukimaliza mwachie Binti Kalenga, naye atanirudishia kwa basi.

#34 Kombati la Zamani

Tunduma, ukikisoma fuatilia jambo moja ambalo humu limepitwa. Kahlenberge, mmoja wa wale watatu, usiku wa Warsaw hana maelezo kwa sababu yumo kwenye njama za kumwondoa Hitler. Grau anamfuata kama mshukiwa, anauliza alikuwa wapi, alikutana na nani. Kila swali lingeweza kumpeleka kwenye kitanzi yeye na wenzake. Kwa ukweli wa historia, jioni ya 20 Julai Jenerali von Stülpnagel, mmoja wa wapanga njama, aliwatia mbaroni watu wa SS na polisi wao mle Paris, zaidi ya 1,000, kabla mambo hayajageuka. Wenzake walikuwa wanahatarisha shingo kuyazuia mauaji ya maelfu, na Grau anawachokonoa kwa ajili ya mauaji ya wawili. Mwanjelwa Juu amesema Grau aliokoa wafungwa. Je, angewaponza wangapi?

#35 Mzee wa Uyole

Kombati, na kama huyo Kahlenberge ndiye angekuwa amemuua yule mama? Angeachwa kwa kuwa anampinga Hitler?

#36 Sikonge Mpaka Vwawa

Mzee, mkubwa wa baba yake Mama wa Ilula alijibu swali hilo 1978. Alisema ndiyo.

#37 Kombati la Zamani

Kuchangia ng'ombe na kumwondoa Hitler si mizani moja. Nitaleta hoja kamili kesho, niko kwenye simu na chaji inaisha.